Mwalimu Hapimwi kwa Msimu Mmoja

Miongoni mwa desturi zilizokita mizizi katika michezo yetu, hakuna inayodhuru zaidi, wala inayosamehewa kwa wepesi zaidi, kuliko ile ya kumfukuza mwalimu wa timu kila mara matokeo yaendapo kombo. Timu hufungwa mara mbili, mashabiki hupaza sauti, viongozi hukutana usiku, na kabla ya jua la siku ya pili kuchwa mwalimu amekwisha kufungashiwa virago, ilhali wachezaji walewale waliofungwa, na viongozi walewale waliowasajili, wamesalia palepale walipokuwa. Nadiriki kusema kuwa desturi hii ni dhuluma kwa mwalimu na hasara kwa timu. Shahidi nitakayemleta mbele ya wasomaji ni mtu wa nchi ya mbali, lakini maisha yake yanaijibu hoja yetu kwa uwazi: Gregg Popovich, kocha wa mpira wa kikapu wa klabu ya San Antonio Spurs ya Marekani, aliyekiacha kiti chake mwezi wa Mei 2025, baada ya misimu 29 katika klabu moja, baada ya ubingwa mara 5, na baada ya ushindi 1,422 katika michezo ya ligi, hesabu ambayo hakuna kocha mwingine wa NBA aliyeifikia.

Wengi wakisikia hesabu hiyo hudhani kuwa mtu huyu alizaliwa na nyota ya ushindi, na kwamba milango ilimfungukia tangu ujana wake. Haikuwa hivyo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1949 katika mji wa East Chicago, jimbo la Indiana, mji wa viwanda vya chuma, kwa baba mwenye asili ya Kiserbia na mama mwenye asili ya Kikroatia. Akasoma katika Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, akahitimu mwaka 1970 katika elimu ya mambo ya Usovieti, na katika mchezo wa kikapu hakuwa mtu wa kutajwa mapema, kwa kuwa aliingoja zamu yake katika timu ya akiba mpaka alipofikia kuwa nahodha wa timu kubwa katika mwaka wake wa mwisho. Mwaka 1972 alijaribu kuingia katika timu ya taifa ya Michezo ya Olimpiki, asichaguliwe. Kiti cha kocha mkuu wa NBA alikikalia akiwa na umri wa miaka 47, umri ambao katika klabu nyingi mtu huanza kuulizwa lini atastaafu.

Katika miaka hiyo ya kungoja, sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini ni ile aliyoipitisha Pomona-Pitzer, vyuo viwili vidogo vya California vyenye timu moja, ambako alipewa ukocha mwaka 1979. Huko mwanafunzi hapewi ufadhili kwa ajili ya mchezo. Mchezaji huja kusoma falsafa au kemia kwanza, na mpira huucheza kwa saa zinazobaki. Msimu wa kwanza timu yake ilishinda mara 2 ikafungwa mara 22, na miongoni mwa waliowafunga walikuwamo Caltech, chuo cha wanasayansi ambacho hakikuwa kimeonja ushindi wa ligi kwa miaka mingi. Popovich na mkewe Erin, pamoja na watoto wao wawili wadogo, waliishi kwa muda katika bweni la wanafunzi, naye akala nao, akaketi katika kamati za chuo, akawa mwalimu kamili kabla ya kuwa kocha mashuhuri. Mwaka 1986 timu hiyohiyo ikatwaa ubingwa wa ligi yake, ubingwa ambao Pomona haikuwa imeupata kwa miaka 68.

Natamani kila kiongozi wa klabu aisome habari hiyo mara mbili. Ushindi 2 na kushindwa 22! Ni kamati gani kwetu ambayo ingemwachia mtu huyo ufunguo wa ghala la mipira kwa msimu wa pili, seuze kumwachia miaka saba? Lakini chuo kile kilipomtazama hakikuuliza tu timu imeshinda mara ngapi. Kiliuliza pia vijana wanafundishwaje, wanaheshimianaje, na mwaka huu wanajua nini wasichokijua mwaka jana. Majawabu yaliporidhisha, mwalimu akaachwa afanye kazi yake, na ushindi ukaja kwa wakati wake.

Insafu yanilazimu nisifiche upande wa pili. Popovich aliingia San Antonio mwaka 1988 akiwa msaidizi wa kocha Larry Brown, na mwaka 1992 Brown na wasaidizi wake wote wakaondolewa. Kwa hiyo yeye mwenyewe aliionja shubiri ya kufukuzwa. Akaenda klabu ya Golden State kwa miaka miwili, akarejea San Antonio mwaka 1994, safari hii akiwa meneja mkuu. Mwezi wa Desemba 1996, timu ikiwa imeshinda mara 3 tu na kufungwa mara 15, nayo ikimkosa nyota wake David Robinson kwa sababu ya maumivu, alimfukuza kocha Bob Hill akakikalia kiti chake yeye mwenyewe. Mji ulikasirika, na haukukosa sababu. Mtu ambaye leo namtaja kuwa hoja ya subira alianza kwa kitendo ambacho subira haikukipamba, na msimu ule ukaishia kwa ushindi 20 na kushindwa 62. Nayataja haya kwa sababu yanaipa nguvu hoja yangu: ikiwa kosa lilitendeka kwa Hill, dawa yake haikuwa kulirudia kosa lilelile kwa Popovich.

Nalo lilikuwa karibu sana kurudiwa. Mwaka 1999, msimu uliofupishwa hadi michezo 50 kwa mgogoro wa wachezaji na wenye klabu, Spurs walianza kwa ushindi 6 na kushindwa 8, na uvumi ukazagaa mjini kuwa kocha yu njiani kuondoka. Wachezaji wakubwa, David Robinson na Avery Johnson wakiwa mbele, wakasimama upande wake. Viongozi wakazuia mikono yao. Katika michezo 36 iliyobaki Spurs walishinda 31, wakaendelea hivyo katika hatua ya mtoano, na mwezi wa Juni wakawafunga New York Knicks kwa michezo 4 kwa 1, wakautwaa ubingwa wa kwanza katika historia ya klabu. Baina ya mtu aliyekuwa karibu kupewa barua ya kuachishwa kazi na mtu aliyekabidhiwa kombe, hapakupita hata miezi minne. Wala mtu hakuwa amebadilika, wala elimu yake, wala sauti yake. Kilichobadilika ni kwamba kazi ilipewa nafasi ya kuzaa matunda yake.

Najua jawabu ambalo wapinzani wa rai hii watalitoa, nalo si jawabu la kudharauliwa. Watasema: bahati! Kwani si kweli kwamba ule msimu mbaya wa kushindwa 62 ndio uliowapatia Spurs haki ya kuchagua wa kwanza katika wachezaji wapya wa mwaka 1997, wakamchagua Tim Duncan, mmoja wa wachezaji wakubwa kupita wote waliopata kuishika pete ya ubingwa? Ni kweli. Sudi ilimfikia, na asiyekiri sudi hana insafu. Lakini klabu ngapi zimepewa nyota zikamharibu? Na je, ni sudi gani iliyompata Manu Ginobili wa Argentina, aliyechaguliwa wa 57 mwaka 1999, wakati klabu nyingine zote zilipokwisha kumpita? Au Tony Parker wa Ufaransa, aliyechaguliwa wa 28 mwaka 2001, kijana wa miaka 19? Wote hao walikuja kuwa nguzo za ubingwa wa 2003, 2005 na 2007, na wote walikuzwa mahali ambapo mwalimu alikuwa na hakika kuwa kesho atakuwapo. Kocha anayejua kuwa atahukumiwa Jumapili hawezi kumpanga kijana Jumamosi. Atampanga mkongwe anayechechemea, kwa kuwa mkongwe humwokoa leo, ilhali kijana ni faida ya mtu mwingine atakayemrithi. Hili ndilo dhara lililofichika katika desturi yetu: tunapomtishia mwalimu, tunawafungia njia watoto.

Tena tazama jinsi Duncan mwenyewe alivyotendewa. Nyota yule alikemewa mbele ya wenzake kama alivyokemewa mchezaji wa mwisho katika benchi, naye akalipokea karipio kwa utulivu, na kwa kuwa mkubwa aliinamisha kichwa, hakuna mdogo aliyethubutu kuinua chake. Duncan alicheza misimu 19 chini ya kocha huyo mmoja, tangu 1997 hadi 2016. Kwetu, aghalabu, mambo huwa kinyume: nyota akinuna, kocha huondoka, na wachezaji wakishajua kuwa manung'uniko yao yana nguvu kuliko mazoezi ya mwalimu, nidhamu haina tena mahali pa kukaa.

Haya yote yalipata mtihani wake mkubwa usiku wa tarehe 18 Juni 2013, mjini Miami. Spurs walikuwa wakiongoza fainali dhidi ya klabu ya Miami kwa michezo 3 kwa 2, na katika mchezo wa sita walikuwa mbele kwa pointi 5 zikiwa zimesalia sekunde 28. Watumishi wa uwanja walikuwa wamekwisha kuanza kutandaza kamba kuuzunguka uwanja kwa ajili ya sherehe ya kukabidhi kombe. Popovich alimweka Duncan benchi katika dakika ile ili wenzake waweze kukimbilia wapigaji wa mbali. LeBron James wa Miami akapata pointi tatu. Kisha, Spurs wakiwa mbele kwa pointi 3, James akatupa tena akakosa, Chris Bosh akaudaka mpira uliorudi, akampa Ray Allen, aliyerudi kinyumenyume mpaka kwenye pembe, akatupa, ukaingia, zikiwa zimesalia sekunde 5.2. Miami wakashinda katika muda wa nyongeza kwa 103 kwa 100, na mchezo wa saba wakashinda tena. Maamuzi ya kumwacha Duncan benchi yalijadiliwa nchi nzima, na kwa kipimo cha baraza zetu, kocha aliyepoteza kombe kwa namna ile asingeiona alfajiri akiwa na kazi yake.

Alifanya nini yeye? Usiku uleule wa msiba, timu ilikuwa imeandaliwa chakula katika hoteli moja ya kulia mjini, na wachezaji wangependelea kila mtu aende chumbani kwake akalie peke yake. Popovich akaamuru chakula kiliwe kama kilivyopangwa, akatangulia kufika, akawapokea mmoja mmoja, akapita meza hadi meza akiwashika mabega na kusema na kila mtu, mpaka ukimya ukavunjika. Na mazoezi ya msimu mpya yalipofunguliwa, akawakalisha mbele ya picha za michezo ile, wakaitazama hasara yao kwa macho makavu, kisha wakaanza kazi. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2014, Spurs wakakutana na Miami walewale katika fainali wakawafunga kwa michezo 4 kwa 1, na hakuna hata ushindi mmoja kati ya hiyo minne uliokuwa kwa chini ya pointi 15. Pasi zao zilikwenda kwa kasi na ukarimu ambao watazamaji wa mchezo huu wanausimulia hata leo. Mchezaji bora wa fainali akawa Kawhi Leonard, kijana wa miaka 22.

Timu ile ilikuwa na watu wa Ufaransa, Argentina, Brazil, Italia, Australia na Kanada, na hapa pana jambo dogo linaloeleza kuliko kombe. Kabla ya fainali hiyo, siku ambayo watu wa visiwa vya Torres Strait huko Australia humkumbuka Eddie Mabo, aliyepigania haki ya ardhi ya wazawa mahakamani, Popovich aliufungua mkutano wa timu bila kutaja mbinu wala mpinzani. Akawaonyesha picha ya Mabo, akawasimulia habari zake, kwa kuwa mchezaji mmoja kati yao, Patty Mills, ni wa ukoo huo. Katika chumba cha kubadilishia nguo, ukutani, yalitundikwa maneno ya mwandishi Jacob Riis juu ya mchonga mawe anayepiga mara nyingi bila kuona hata ufa, na jiwe likapasuka mwisho kwa nguvu ya mapigo yote yaliyotangulia. Nayo yaliandikwa kwa lugha za wachezaji mbalimbali waliokuwamo, ili pasiwepo wa kusema hakuelewa. Kocha wa namna hiyo hulea watu, na watu waliolelewa hupeana mpira.

Ushahidi wa malezi hayo umetapakaa. Steve Kerr, aliyecheza chini yake, alikuja kuipa Golden State ubingwa mara 4 akiwa kocha. Mike Budenholzer, msaidizi wake wa miaka mingi, aliipa Milwaukee ubingwa wa 2021. Becky Hammon, ambaye Popovich alimwajiri mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kuwa msaidizi wa kudumu wa kocha katika NBA, ameipa Las Vegas Aces ubingwa wa wanawake mwaka 2022, 2023 na 2025. Na siku zake za mwisho nazo zina somo. Baada ya kufika hatua ya mtoano misimu 22 mfululizo, klabu ilididimia, ikafungwa mara 60 katika msimu wa 2022/23 na mara 60 tena katika msimu uliofuata, ikimlea kijana mrefu wa Kifaransa, Victor Wembanyama. Hakuna aliyemfuata mzee yule kwa barua. Maradhi ya kiharusi ya Novemba 2024 ndiyo yaliyomwondoa benchi, na kiti akakirithi msaidizi wake Mitch Johnson, kwa ustaarabu, bila kelele za mlangoni.

Sasa turudi nyumbani. Mtu asiseme kuwa mambo haya ni ya wenye mamilioni tu. Februari 2021, mjini Yaoundé, timu ya taifa ya Kenya, Morans, chini ya kocha Liz Mills kutoka Australia, iliwafunga Angola, waliokuwa wakati ule mabingwa wa Afrika mara 11, kwa 74 kwa 73, Tylor Ongwae akitupa mpira wa ushindi muda ukikata. Na kwa ushindi huo Kenya ikarudi katika mashindano ya Afrika, ambayo haikuwa imeyaona tangu 1993. Mills akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo, yaliyofanyika Kigali. Furaha ile ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini mwaka 2022 alikuwa tayari akiifundisha AS Salé ya Morocco, na Morans walikuwa kwa mwalimu mwingine. Ushindi tuliupata, muda wa kuujenga ushindi huo uwe desturi hatukuupata.

Vipaji si shida yetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009, ingawa alianza kuucheza mchezo huu akiwa na miaka ipatayo 15. Fikirieni kijana kama huyo angeshikwa mkono akiwa na miaka 10, na mwalimu mmoja, katika uwanja mmoja wa saruji, kwa miaka mitano mfululizo! Walimu wa namna hiyo tunao, katika shule na vitongoji vya pwani na bara. Hufundisha jioni baada ya kutoka kazini, hununua filimbi kwa fedha zao, huwangoja wachezaji waliochelewa daladala, na malipo yao aghalabu ni ahsante. Wanachokikosa ni dhamana kwamba kazi waliyoianza mwezi wa Januari haitavunjwa mwezi wa Machi.

Simtetei kocha mvivu, wala mlevi, wala mwenye kuuza mchezo. Huyo aondoke leo, na asipewe hata nauli ya heshima. Subira niiombayo ni subira yenye kipimo. Klabu na impe mwalimu mkataba wa miaka mitatu ulioandikwa na kuheshimiwa, na kila mwisho wa msimu imkalishe imuulize: vijana wangapi wamepanda kutoka timu ya watoto, nani amejifunza kutumia mkono wa kushoto asiokuwa nao mwaka jana, mazoezi yamefanyika siku ngapi na nani hakuja, msaidizi wako amejifunza nini cha kukurithi. Majawabu yakiwa mabaya miaka miwili, haki ya kumbadilisha itakuwapo na haitakuwa dhuluma. Nasi waandishi wa habari tuna taksiri yetu ya kutubia, kwa sababu kichwa cha habari cha kocha aliyekalia kuti kavu huuza gazeti, na kwa tamaa hiyo tumewatia viongozi wengi haraka ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo.

Tunawafundisha watoto wetu kuwa mstahimilivu hula mbivu, kisha tukiketi katika kamati za klabu tunayachuma matunda yakiwa machanga na kumlaumu aliyeupanda mti. Nawasihi viongozi wa vyama na klabu za mpira wa kikapu, tangu Mombasa hadi Mwanza, tangu Zanzibar hadi Bujumbura: kabla ya kuanza kwa msimu ujao, mwiteni mwalimu wenu, mpeni mkataba, mwambieni mtampima kwa nini na lini, kisha mwacheni afundishe.